Mama Turubai, fundi anayelinyima trela jua siku mbili

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Jua ndiyo kwanza linaupanda ukuta wa karakana, na fundi yuko juu ya ngazi, anazifunika paneli za sola alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe jana.

Analivuta turubai la bluu kona hii, anakaza kamba, anahamia kona ile. Kisha anashuka, anaingia ndani ya trela na kuanza kuwasha kila kinachowashika: taa nne, feni, redio, pampu ya maji, friji. Anachomeka simu mbili. Anatoka, anafunga mlango, anaandika saa kwenye kipande cha boksi.

Mpita njia asiyemjua atadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Ni nani afunge paneli za umeme wa jua, halafu alifukuze jua?

"Siku mbili," anasema huku akipangusa mikono kwenye ovaroli yake. "Halipati jua hata chembe siku mbili nzima, na humo ndani kila kitu kinafanya kazi kama watu wako safarini. Likivumilia, linaondoka. Likizima, linabaki hapa na mimi mpaka tuelewane."

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Turubai. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mwanawe wa mwisho akitumwa karakana husimama getini na kuuliza, "Mama Turubai yupo?" halafu hucheka peke yake.

Kazi yake ni kuweka umeme kwenye matrela ya kambi, vile vyumba vidogo vya magurudumu vinavyovutwa nyuma ya gari, vyenye kitanda, jiko na friji, ambavyo watu huenda navyo kulala porini, kando ya ziwa au popote pasipo na nguzo ya umeme. Ana miaka arobaini na minne. Alianza kwa kufagia kibanda cha kuchaji betri, enzi ambazo kila gauni alilokuwa nalo lilikuwa na matundu ya tindikali, na mwenye kibanda alimkataza kugusa mita kwa miezi minane. Mwezi wa tisa mwenyewe akaumwa, na betri za watu zilikuwa zinasubiri.

Mpaka sasa ameshafunga matrela sitini na mawili. Hata kipato chake hukitaja kwa matrela: mwezi mzuri ni matatu, mwezi wa mvua ni moja. Mwaka jana ulipita mwezi mmoja mkavu kabisa, akawa anatengeneza feni za majirani ili jikoni kwake kuinjikwe kitu.

Trela lililo chini ya turubai leo lingekuwa la sitini na tatu. Yeye hataki kulihesabu, maana alishalifunga mara moja, miaka miwili iliyopita, na lilimwaibisha.

"Mengine yote nimefanya kazi," anasema. "Hili natubu."

*

Saa mbili na robo wenye trela wanafika kwa miguu. Mume ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, na mtaani bado anaitwa Dereva, ingawa siku hizi safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda sokoni. Mkewe ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumjibu vibaya. Wanamwita Bibi Mkunga. Miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, kwapani ana daftari la shule, mkononi ana kipimajoto.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Friji limewashwa saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

"Kamili yenyewe, au kamili ya mafundi?"

Fundi anacheka mpaka anashika ngazi. "Saa mbili na dakika nne, mama."

Bibi Mkunga anavaa miwani na kuandika: saa mbili na dakika nne. Kisha anaingia ndani ya trela, anakiweka kipimajoto kwenye friji katikati ya chupa tatu za maji, anafunga, na kuketi kwenye kiti cha kukunja kilichowekwa mlangoni. Ametangaza kwamba siku zote mbili za jaribio atakuwa palepale kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kila saa atasoma kipimajoto mwenyewe. Usiku kazi hiyo ataifanya fundi, naye amepewa kalamu yake.

Huyu si mtu wa kufundishwa habari za ubaridi. Miaka thelathini na moja alibeba chanjo kwenye visanduku vya barafu, akipita mito na matope, na anajua kwamba dawa inaweza kuharibika huku chupa inang'aa vilevile. Sasa chanjo si zake tena. Kilichomo kwenye friji la safari ni insulini yake mwenyewe. Kisukari amekaa nacho mwaka wa kumi na saba, anajidunga asubuhi na jioni, na akiba ya dawa yake haitakiwi kushuka chini ya nyuzi mbili wala kupanda juu ya nyuzi nane.

Miaka miwili iliyopita ilipanda.

Siku hizo wazee hawa walikuwa wamestaafu karibuni, wakanunua trela lililotumika, wakamletea fundi. Akaweka betri mbili nzuri na paneli mbili juu ya paa. Hesabu zake zilikuwa sahihi, na hilo anaapa mpaka leo.

"Nilihesabu kila kitu isipokuwa binadamu," anasema. "Jua likiwa kali, binadamu anafanya nini? Anatafuta kivuli. Dereva kafika ziwani, kaona mti mkubwa una kivuli kizuri, kaegesha chini yake. Ungekuwa wewe ungeegesha wapi? Na mimi paneli zote nimezikomea paani. Trela likastarehe kivulini, na paneli nazo zikastarehe kivulini."

Siku ya tatu asubuhi friji lilikuwa kimya. Bibi Mkunga alizigusa chupa za dawa, akazikuta zina joto; hakuthubutu kujidunga, akamwambia mumewe ageuze gari. Barabara ilikuwa mbovu, siku ikawa ndefu, na walipofika hospitali alikuwa hajui anaitwa nani. Alilazwa siku nne.

Dereva alikwenda karakana peke yake kutoa taarifa. Hakugomba. Alisimama getini kofia mkononi, akasema, "Fundi, friji lilizima," akaondoka zake.

"Angenitukana ningepumua," anasema fundi, na hapa anageuka kutazama pembeni. "Nilikwenda wodini mikono mitupu, maana sikujua mgonjwa wa sukari mtu humpelekea nini. Mama akanishika mkono. Akaniambia, 'Sikulaumu, mwanangu, lakini kile kitu sikipandi tena.' Nilitoka pale nikalia kwenye ngazi za hospitali kama mtoto."

Trela likarudishwa nyuma ya nyumba ya wazee, na kuku wakahamia. Fundi naye akanunua turubai.

Tangu siku hiyo hajalitoa trela ambalo halijakaa gizani siku mbili. Pia ameacha kukomea paneli zote paani. Nusu huziweka juu, na nusu huzitengeneza za kukunja, zenye waya wa mita kumi, ili mwenye trela aegeshe kivulini apendavyo na kuziburuta paneli mpaka juani. Wateja wengine hununa. Wapo waliokwenda kwa mafundi wa haraka haraka, wakarudi baada ya safari moja wakiwa wapole.

*

Kilichomrudisha Bibi Mkunga ni mdogo wake.

Walizaliwa saba, wamebaki wawili. Mdogo mtu anaishi mwendo wa siku tatu kwa gari, mahali ambapo umeme haujafika, na magoti yake hayamruhusu kwenda zaidi ya uani. Hawajaonana miaka kumi na moja. Usafiri wa basi Bibi Mkunga alishaujaribu: miguu ilivimba wakamshusha nusu ya njia. Miezi mitatu iliyopita Dereva alitaja trela mezani, mkewe akakusanya vyombo. Siku ya tatu akasema, "Mwite yule binti wa betri."

"Yupi?" Dereva akauliza, kana kwamba wako wengi.

"Yuleyule aliyenilaza hospitali. Yeye angalau kosa lake analijua. Fundi mpya atakuja na lake jipya."

Fundi alipopigiwa simu alimaliza kuongea, akakata, akakaa chini kwenye tairi. Kisha akapiga tena kusema kwamba ufundi wake wote katika trela lile ni bure, na asibishane naye mtu.

Kazi ilianza kwa daftari, kama anavyofanya kwa kila mteja. Kabla hajataja betri hata moja, humtaka mtu aandike kwa siku tatu kila anachokiwasha na kwa muda gani. Watu wengi hudanganya bila kukusudia. Mhasibu mmoja aliandika taa mbili na simu. Siku ya kuchukua trela akaja na pasi, televisheni na mashine ya kusagia matunda. "Nikamwambia, kaka, wewe huendi kambini, unahama," anasimulia fundi.

Daftari la Bibi Mkunga halikuwa na shida hiyo. Aliandika mpaka dakika ambazo Dereva aliacha taa ya nje ikiwaka bure, na pembeni akaweka jina la mhusika.

Fundi akapiga hesabu. Friji ndilo mlaji mkubwa, kwa kuwa linafanya kazi mchana na usiku; feni inafuata; vingine vyote vinadokoa tu. Kwa jumla, umeme wa siku moja wa wazee wale ungetosha kuwasha taa ndogo ya wati tano kwa wiki nzima bila kuzimwa.

Hapo ndipo Dereva alipotokea na betri mbili kwenye toroli, uso umejaa furaha. Kazinunua kwa mpwa wake, bei ya kutupa, na ubavuni zimeandikwa ampea mia moja kila moja.

Fundi hakuzisoma. Alimwita mchomeleaji wake, ambaye ni mdogo wa mumewe, wakazipandisha kwenye mzani wa nafaka anaouweka karibu na geti.

"Kilo kumi na tisa," akasoma shemeji.

"Baba," fundi akamwambia Dereva kwa upole, "betri ya risasi ya ukubwa ulioandikwa hapa haipungui kilo ishirini na nane. Risasi ni nzito, haidanganyi. Hizi kilo tisa zimekwenda wapi?"

Dereva aliutazama mzani, akazitazama betri. "Zimebaki kwa mpwa wangu," akasema, na betri zikarudi zilikotoka kwenye toroli lilelile.

Kuchagua betri, anaeleza fundi, ni kuchagua adha utakayoiweza. Betri ya risasi ni rahisi kununua na inapatikana kila mji, lakini ukiila zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo unabeba mbili ili utumie moja. Kwa siku mbili za mawingu, trela hili lingehitaji nne, zaidi ya kilo mia moja na kumi za risasi. Pikapu ya Dereva ni ya zamani, na milima huipanda kwa kuombewa.

Betri ya lithiamu unaweza kuila karibu yote, na moja tu ya ampea mia mbili ina kilo ishirini na mbili. "Lakini nayo ina madeko yake," anasema fundi. "Haitaki chaji ya ovyo. Ukiifunga kwenye kidhibiti cha chaji kilichopangwa kwa betri ya risasi bila kukibadilisha, unaiharibu mwenyewe, halafu unasema ni feki. Na bei yake inamfanya mtu akae chini."

Dereva alikaa chini kweli. Kisha akatoa sehemu ya kiinua mgongo aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati mapya ya nyumba. "Paa likivuja tutasogeza kitanda," alimwambia mkewe. "Mdogo wako hasogei."

*

Siku ya kwanza ya jaribio inapita kama harusi. Nyuzi tano, nyuzi nne, nyuzi tano. Bibi Mkunga anafuma sweta, anaandika, anafuma. Shemeji anapita na kofia yake ya kuchomelea, anamwuliza kama sweta ni lake.

"Wewe unaunguza nguo kwa cheche kila siku, nikufumie ya nini? Nitakufumia bati."

Siku ya pili jua linawaka vibaya. Mabati ya karakana yanalia kwa joto. Saa nane na dakika ishirini mchana, Bibi Mkunga amesinzia kwenye kiti, daftari mapajani. Fundi anaingia ndani ya trela kuchukua bisibisi, na anasimama ghafla.

Hasikii friji.

Anafungua. Kipimajoto kinasoma nyuzi kumi na moja.

Mwandishi wa makala hii, aliyekuwa mlangoni, aliuona uso wake ukibadilika, na hakuwa na haja ya kuuliza anafikiria nini. Halafu mikono inaanza kazi yenyewe. Mita ya betri: imebaki zaidi ya nusu. Fyuzi: nzima. Anapiga magoti, anafuata waya wa friji kwa vidole, inchi kwa inchi, mpaka chini ya kitanda, na hapo anauondoa mkono haraka. Waya una joto.

"Shemeji!" anaita kwa sauti ya chini. "Njoo hapa."

Shemeji anakuja, anachungulia, na jasho linamtoka upya. Wiki iliyopita, katika kupima uzito, aligundua trela limelemea nyuma, na trela la namna hiyo huyumba barabarani mpaka likaangusha gari. Akafanya jambo la maana kabisa: akalisogeza boksi la betri mbele, mita moja na nusu. Waya wa friji haukufika tena, naye akauunga kwa kipande kilichobaki cha waya wa taa. Fundi alikuwa amekwenda kununua fyuzi. Aliporudi alikuta boksi limekaa vizuri, akashukuru, wala hakukagua.

Waya wa taa ni mwembamba. Betri ilipokuwa imejaa, friji lilivumilia. Betri ilipopungua na joto likapanda, friji likawa linaomba umeme mwingi kuliko unaoweza kupita pale, likajizima lenyewe.

"Ni dakika kumi tu," shemeji ananong'ona. "Ninao waya mnene kwenye gari. Tunaunga, friji linawaka, saa kumi limerudi nyuzi tano. Bibi kalala, shemeji yangu. Kwa nini umtie hofu bure?"

Na kweli Bibi Mkunga amelala. Miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Kwenye daftari, mstari wa saa nane unasoma nyuzi sita.

Fundi anamtazama kwa muda. Kisha anatoka, anachuchumaa mbele ya kiti, anamgusa goti.

"Mama. Mama, amka. Friji limezima."

Bibi Mkunga anafungua macho. Anainuka, anaingia, anasoma kipimajoto, anarudi, anakaa, anaandika: saa nane na dakika ishirini na sita, nyuzi kumi na moja. Dereva, aliyekuwa anapiga soga na walinzi getini, anaona kwa mbali na kuja mbio kadiri miaka yake inavyomruhusu.

"Betri imeisha?" anauliza Bibi Mkunga.

"Hapana, mama. Betri ina umeme. Ni waya mwembamba ulioungwa boksi liliposogezwa. Aliyeunga ni shemeji, lakini wa kukagua nilikuwa mimi, na sikukagua."

"Uko wapi huo waya?"

Wanamwonyesha. Bibi wa watu anapiga magoti sakafuni, anaushika kwa vidole viwili, kama anayetafuta mapigo ya moyo ya mtoto. Shemeji anatazama viatu vyake.

"Kwenye zahanati zetu," Bibi Mkunga anasema hatimaye, akiwa bado pale chini, "friji la chanjo likizima, tulikuwa na wauguzi wa namna mbili. Kuna aliyekuja kuniamsha, na kuna aliyefunga mlango wa friji akanyamaza. Yule wa kwanza nilimgombeza sana. Wa pili ndiye aliyekuwa akiniogopesha." Anamnyooshea fundi mkono amwinue. "Ng'oa huo waya. Anza upya."

"Siku mbili, mama?"

"Kwani nilisema moja?"

Dereva anashusha pumzi ndefu. "Mdogo wako anatusubiri Jumamosi."

"Kasubiri miaka kumi na moja. Siku chache hatazeeka zaidi."

Fundi anageuka upande wa ukuta, anajifanya kutafuta koleo. Macho yake yamejaa machozi, na hajali sana nani anaona.

Walifunga waya mnene siku hiyohiyo, mzima bila kiungo hata kimoja. Siku iliyofuata turubai lilitolewa ili paneli ziijaze betri. Asubuhi ya pili yake likarudishwa, daftari likafunguliwa ukurasa mpya, na saa arobaini na nane baadaye friji lilikuwa kwenye nyuzi tano, na betri imebakiza karibu theluthi. Bibi Mkunga alipiga mstari kwa rula na kutia saini. Kisha akamtaka fundi naye atie, na shemeji pia.

Waliondoka Jumapili asubuhi. Mpango ulikuwa siku tatu za kwenda, tatu za kukaa, tatu za kurudi.

*

Siku tano zilizofuata Mama Turubai hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Alijibu maswali ya wateja nusu nusu. Simu ilikaa mfuko wa kifuani, na kila ilipolia alisimama. Mumewe, ambaye ni mwashi, anasema nyumbani alifungua friji lao mara nyingi bila kuchukua chochote.

Ijumaa saa tano asubuhi simu inalia tukiwa karakana. Anaitazama, anaweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo! Kuna nini?"

"Marahaba. Nyuzi nne."

"Nne?"

"Nne. Na jana nne. Nimechoka kuandika nne."

Fundi anaegemea trela la mtu na kufumba macho. "Alhamdu... asante Mungu. Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo, anashinda humu ndani na analala humuhumu. Anasema friji linanguruma kama marehemu mumewe, basi usingizi wake ni wa raha tupu. Sasa nisikilize, maana salio la simu ni la Dereva na ameanza kunikodolea macho. Kesho ndiyo siku ya kurudi. Mimi sirudi."

"Kwa nini, mama?"

"Hajamaliza kunisimulia. Tuko kwenye mwaka mama yetu alipohamia kwa mjomba, na kuna mambo hapo mimi sikuambiwa. Nataka siku mbili zaidi. Umeme upo?"

Fundi amefungua macho. "Mbingu zikoje?"

"Mawingu tangu jana."

"Mita inasemaje?"

Inasikika sauti ya Dereva kwa mbali, kisha Bibi Mkunga anarudi. "Asilimia sitini na moja."

Fundi anapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la boneti ya gari. Anafuta, anapiga tena. Mawingu hayanyimi kabisa, hutoa kidogo. "Zima feni, mama, mawingu yenyewe yanaleta ubaridi. Paneli za kukunja zitoke nje hata kama hakuna jua. Siku mbili zimo. Hata tatu zimo. Dawa je, zinatosha?"

"Nimebeba za wiki tatu. Mimi ni mkunga, si mtalii. Haya, kwaheri, ananiita."

Simu inakatika. Mama Turubai anabaki ameishika, anacheka na kujifuta uso kwa kiganja chenye grisi, na grisi inahamia shavuni. Shemeji anamwambia amekuwa mrembo. Anamrushia kitambaa.

Akiulizwa anataka nini baada ya hapo, anairudisha simu mfukoni na kutuita. Anatuongoza nyuma ya karakana, nyuma ya rundo la matairi, mpaka kwenye fremu ya trela iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, bado haina kuta. Ameinunua mwaka huu. Shemeji huichomelea siku za kazi kidogo. Mlango utakuwa mpana, apite mtu wa kiti cha magurudumu. Friji la dawa litakuwa na betri yake peke yake, asiiguse mtu wa redio wala wa simu. Pembeni mwa kitanda kutakuwa na soketi ya mashine ya kupumulia. Hatauza. Atalikodisha kwa watu wa sukari, wa pumu, wa vifua, wale ambao kila wanapotaja safari ndugu huwaambia wakae nyumbani. Anadhani litachukua miaka miwili, au mitatu mvua zikiwa nyingi.

"Mgonjwa naye anachoka kutazama dari lilelile," anasema, na kupiga fremu kwa kiganja. "Wao wachague pa kwenda. Umeme waniachie mimi."